Nia Moja kwa Mwaka Mmoja

Siku mliponiaga pale ofisini Kibiti mlinipa saa ya ukutani. Ni saa nzuri na inatembea vizuri, ingawa inachekesha kidogo kumpa saa mtu ambaye mmetoka kumwambia kwamba muda wake umekwisha. Keki ilipokuwa inagawiwa, Neema, ambaye ndiye aliyekalia kiti changu sasa, aliniinamia sikioni akasema, "Mama, tuandikie chochote cha kazi yetu. Tutakuwa tunasoma tukisubiri maji yajae." Basi nimekaa barazani kwangu. Mwaka mpya una wiki chache tu, mabasi ya Lindi yanapita kule barabarani kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza tangu niwe msichana hakuna mtu anayenisubiri Nyamisati bandarini.

Vyeo sitavisimulia. Vimo kwenye faili langu, na faili mnajua lilipo, ndani ya lile kabati lisilofungika. Mshahara nao haukuwahi kuwa hadithi ndefu. Nitawasimulia namna nilivyofundishwa kuuingia mwaka, na mwaka mmoja ambao mafundisho hayo nusura yanishinde.

Nilizaliwa Mkongo, kwa watu wa jembe na mpunga. Maji niliyoyajua mimi ni maji ya mto, maji ya kunywa na kufulia. Nilipotoka chuo cha misitu nikaambiwa nimepangiwa mikoko ya delta, sikuelewa vizuri nimepewa nini. Nilikwenda dukani kwa Bwana Jivan, karibu na stendi ya Kibiti, nikanunua mabuti ya mpira. Namba yangu haikuwapo. "Chukua hii kubwa, dada, vaa soksi mbili," akaniambia, naye alikuwa mtu mwaminifu, ila hakuwahi kukanyaga tope la delta. Siku ya kwanza niliposhuka kwenye boti, hatua ya kwanza ilikwenda vizuri. Hatua ya pili mguu ulitoka, buti likabaki. Nikainama kulivuta, likawa linashuka polepole huku linatoa mapovu, kama kitu kilichokuwa kimesubiri kwa hamu kwenda kulala.

Mkuu wangu wa kwanza, Bwana Shomari Mtupa, alikuwa amekaa ndani ya boti akinitazama. "Liache," akasema. "Hilo ni la kaa sasa."

Bwana Mtupa alikuwa mtu mwembamba, mpole, mvivu wa maneno. Alinifundisha kutembea pekupeku kwenye tope lisilo na chaza, na kuvaa soksi nzito kwenye tope lenye chaza, maana chaza hukata kama wembe. Katika aina za mikoko, alinifundisha kulamba mgongo wa jani la mchu nisikie chumvi ambayo mti umeitema. Mkomafi nikaujua kwa tunda lake zito kama mpira, na mkandaa kwa gome lake linalotia rangi nyekundu. Alinikabidhi ile nyundo ya kugongea alama boriti zilizokatwa kwa kibali, akaniambia nisiigonge kwa hasira hata siku moja, kwani alama ya hasira hupinda ubavuni mwa boriti na mtu hukataa kuitambua. Siku hizi mna ramani kwenye simu, nami nazipenda. Ila simu huzima ikiisha chaji na lile jani la mchu halizimi.

Lakini nilisema nitawaeleza kuhusu mwaka.

Siku ya kwanza ya kazi kila Januari, Bwana Mtupa alikuwa na desturi yake. Tulikuwa tunashuka Nyamisati asubuhi, tunaingia mto mmoja mwembamba usio na kijiji, na pale anazima mashine. Alikuwa ameshapiga hesabu ya maji kichwani, ili tufike wakati yamejaa na kusimama. Wale mliokaa sana delta mnaijua saa ile. Maji hayaji wala hayaendi. Jani lililoanguka linakaa palepale lilipoangukia. Mikoko inasimama juu ya mikoko mingine iliyopinduka chini yake, na mbingu ipo juu na ipo chini, na boti lenu lipo katikati kama wazo la mtu aliyesinzia. Mara ya kwanza niliogopa hata kukohoa.

"Malengo ya mwaka yameshakuja kutoka mkoani," akasema siku ile. "Yana muhuri. Hayo ni ya ofisi. Wewe nia yako ni ipi?"

Nikaanza kumtajia. Nijifunze njia za mito yote, niandike ripoti kwa wakati, nijue miti kwa majina ya hapa, niwe namtembelea mama Mkongo, nipunguze hasira.

"Moja," akasema.

"Zote ni muhimu, mzee."

"Ndiyo maana nataka moja. Ukiingia mwaka na nia nyingi zinagombana zenyewe kwa zenyewe, na wewe unafanywa hakimu mwaka mzima. Anza na moja. Nyingine zikiona njia imefunguka zitafuata. Zisipofuata, hazikuwa zako."

Nikafikiri. Maji yalikuwa bado yamesimama. "Nijue njia," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akafungua kifuko chake, akatoa muhogo wa kuchoma, akanipa nusu. Tulipomaliza kula, lile jani lililokuwa limetulia karibu na boti likaanza kwenda, taratibu, kuelekea baharini. "Haya," akasema, "mwaka umeanza," akawasha mashine.

Sitaki mdhani kwamba kila mwaka nilikuwa na nia kubwa. Mwaka mmoja nilinuia kupunguza maneno, nikashindwa kabla ya Januari kwisha. Mwaka mwingine nilinuia kuacha chapati za Nyamisati, na hilo tusilizungumze. Bwana Mtupa mwenyewe, mwaka wake wa mwisho kazini, nilipomuuliza nia yake alisema ni kulala zaidi, na sijaona mtu aliyetimiza nia yake kikamilifu kama yeye. Alikuwa anasinzia tukiwa tunapita Salale, anasinzia kwenye mikutano ya kijiji, mikono imekunjwa kifuani, na bado akiamka alikuwa anajua nani alikuwa anasema nini. Kisha akastaafu, akarudi kwao Utete, na desturi ile nikabaki nayo mimi na Athumani, dereva wa boti, ambaye nia yake kila mwaka ilikuwa kuoa. Alioa. Mwaka uliofuata akaniambia nia yake ni subira.

Sasa mwaka wenyewe.

Wakati huo nilikuwa nimeshazoeleka, na vijijini waliniita Bibi Mikoko. Kiongoroni, kule karibu na mdomo wa bahari, mawimbi yalikuwa yanakula ardhi. Ukanda wa miti uliokuwa mbele ya kijiji ulikuwa umekatwa miaka mingi nyuma, na kila maji makuu ya bamvua bahari ilikuwa inasogea. Nyumba za mbele zilikuwa zimebaki na ua upande mmoja tu. Ule mwingine umekwenda na maji. Ofisi ikaamua mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kufunga ukataji katika mto ulio nyuma ya kijiji. La pili, kupanda mikoko mbele, kabla ya masika na upepo wa kusi. Kwenye karatasi ilikuwa mipango mizuri sana.

Nilifika na mafungu ya mbegu za mkoko, zile ndefu za kijani, nikapokewa na Bi Tatu Mkumba, kiongozi wa kina mama waliokuwa wanaishi kwa kukata fito na kuni kwenye ule mto tulioufunga. Alikuwa rika langu, sauti yake laini, na macho hayakuondoka usoni pako.

"Karibu, Bibi Mikoko," akasema. "Chai ipo. Kupanda hakupo."

Nikakaa, nikanywa chai. Nikamweleza habari za mawimbi, naye akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mawimbi tunayaona kabla yako," akasema. "Nyumba ya tatu ile ni yangu. Lakini mmetufungia mto, halafu mnataka tuwapandie miti. Mpaka hiyo miti ikue sisi tutakula nini, dada? Kivuli chake?"

Nilirudi Kibiti bila kupanda hata mbegu moja. Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa na haki, na bahari haikuwa inajali haki ya yeyote kati yetu.

Nilipofika nyumbani, mume wangu Hashimu, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliniambia mdogo wangu Mwajuma amepiga simu kutoka Mkongo. Mama yetu alikuwa ametoka na mundu kwenda kuvuna, na mpunga ulikuwa hata haujapandwa. Walimkuta amesimama katikati ya shamba tupu, anamuuliza Mwajuma wenzake wamekwenda wapi. Wenzake aliowataja walikuwa wameshazikwa wote.

Hivyo ndivyo mwaka ule ulivyoingia. Januari tulishuka na Athumani mpaka kwenye ule mto mwembamba, akazima mashine, na mimi nilikaa pale na nia mbili, kila moja nzito kuliko boti. Kiongoroni palikuwa na nyumba za watu. Mkongo palikuwa na mama yangu. Maji yalisimama, kisha yakaanza kwenda, nami sikuwa nimetaja kitu. Athumani alinitazama kwa adabu, akawasha mashine.

Tuliporudi Nyamisati palipo na mtandao nikampigia Bwana Mtupa. Nikamweleza yote. Kwa muda mrefu nilisikia pumzi yake tu, nikadhani amesinzia.

"Mimi sikukwambia uchague kipi ni kikubwa," akasema hatimaye. "Nilikwambia uanze na kimoja. Ukiambiwa usiku huu usingizini kwamba kimoja kimeondoka, utaamka ukikitafuta kipi?"

"Mama," nikasema. Sikuwa nimefikiri. Lilitoka lenyewe.

"Basi umeshajua. Hao wengine hawatakimbia. Labda bahari ndiyo haitasubiri."

Mkuu wangu wakati huo alikuwa kijana mwenye bidii aliyetoka mkoani. Nilimwambia kwamba mwaka huu nitamchukua mama nyumbani kwangu, na siku zake zikiwa mbaya sitashuka delta. Akanitazama kama mtu anayetafuta kifungu cha sheria. "Na malengo, mama?" akauliza. Nikamwambia malengo yapo palepale, hayajawahi kuumwa. Alicheka kidogo, akaniruhusu, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Mama akaja Kibiti na kitita chake cha khanga na ungo mmoja ambao hakukubali kuuacha. Hashimu alikuwa anampikia uji asubuhi, anakaa naye barazani, wanasikiliza redio, na yeye anaijibu redio. Kitu kilichomsumbua kuliko vyote ni kwamba Kibiti hakuna mto. Alikuwa anasimama mlangoni anatazama bodaboda zinapita na vumbi lake.

"Hawa watu wanaishi vipi bila maji ya kutazama?" alikuwa ananiuliza.

"Wana bomba, mama."

"Bomba halitazamwi."

Na kulikuwa na swali moja alilorudia karibu kila siku, jioni nikimvua kilemba. "Yale maji yanayopita Mkongo huwa yanakwenda wapi?" Alikuwa ameishi kando ya Rufiji maisha yake yote, amelima kwa mafuriko yake, amezaa na kuzika kando yake, na hakuwahi kufuata maji yale mpaka yanakoishia. Nilimwambia yanakwenda baharini. Alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za ndugu aliyehama. Kesho yake anauliza tena. Baada ya muda nikaanza kulisikia swali lile usingizini. Naota nipo bondeni nimebebwa mgongoni, maji yananipita, na sauti inauliza yanakwenda wapi, na sijui ni yake au ni yangu.

Siku ya kwenda Kiongoroni kujaribu tena ikafika. Nilikuwa nimepanga mama abaki na Hashimu. Asubuhi, gari la ofisi lilipokuja kunichukua, tukamkuta mama ameshasimama kando yake, amevaa khanga safi, ungo kwapani.

"Unakwenda kule maji yanakokwenda," akasema. Hakuwa anauliza.

Hashimu akanitazama, mimi nikamtazama. Kisha akaingia ndani, akatoka na chupa ya chai na mto wa kukalia, akaviweka kwenye gari.

Sijawahi kusafiri safari kama ile. Kulikuwa na ukungu mwembamba juu ya maji, na Athumani aliendesha polepole kuliko kawaida, bila kuambiwa. Mama alikaa katikati ya boti juu ya ule mto wa Hashimu, amenyooka, uso umelegea kwa furaha. Mikoko ilikuwa inatokea kwenye ukungu, miguu yake mirefu ndani ya maji, kisha inapotea. Ndege weupe waliinuka wakatua mbele yetu, wakainuka tena, kana kwamba wanatupeleka. Akaingiza mkono majini, akauonja.

"Chumvi," akasema. "Nani ameitia?"

"Bahari, mama."

"Kumbe huku ndiko yanakogeuka." Akauonja tena mkono, polepole, kisha akaukausha kwenye khanga yake kwa heshima.

Tulifika Kiongoroni maji yameshatoka na tope liko wazi. Kina mama walikuwa wamekaa ukingoni, Bi Tatu mbele yao. Walikuwa wamekuja kutazama, si kupanda, na walitaka nilione hilo. Nikawasalimu, nikawatambulisha kwa mama. Wote wakampa shikamoo, mmoja mmoja, naye akaitikia marahaba kwa kila mmoja, na wengine akawaita kwa majina ya watu wa Mkongo, nao hawakumsahihisha.

Nilikuwa nateremsha mafungu ya mbegu huku natafuta maneno ya kuwaambia. Nilipoinua kichwa mama alikuwa ameshashuka topeni. Alikuwa amefunga khanga juu ya magoti, maji yakimfika kwenye vifundo. Alichokiona yeye nilikielewa baadaye. Tope laini, maji kidogo juu yake, miche ya kijani imefungwa mafungu mafungu, wanawake wamekusanyika. Msimu wa kupandikiza mpunga. Akachukua fungu, akaliweka kwenye mkono wa kushoto kama inavyowekwa miche, akainama, akaanza. Kuchomeka, kusogea, kuchomeka. Mgongo wake ulikuwa umesahau kwamba ni mzee. Na alikuwa anaimba kwa sauti ndogo ule wimbo wa Kindengereko wa kupandikizia, ambao nilikuwa sijausikia tangu utotoni.

Nikamfuata kumzuia, nikafika karibu yake, nikashindwa. Nikachukua fungu jingine nikainama kando yake.

"Mama, unabananisha," nikamwambia. "Hii inataka nafasi, hatua moja na nyingine."

"Wewe umelima lini?" akaniuliza bila kuinuka.

Kule ukingoni mtu akacheka, kisha wakacheka wengi. Si kicheko cha ubaya. Kisha nikamsikia Bi Tatu akiwaambia wenzake kwa ile sauti yake laini, "Hapana. Mzee wa watu hawezi kupanda peke yake sisi tumekaa. Hilo halijawahi kuwapo hapa."

Akashuka. Akaja akachukua fungu, akajipanga upande wa pili wa mama, na wengine wakashuka nyuma yake. Wimbo wa mama hawakuujua, lakini kina mama wa delta nao hulima mpunga na wana nyimbo zao, na baada ya muda nyimbo hizo zikachukuana, kila mmoja na maneno yake. Tulikwenda hivyo mpaka maji yalipoanza kurudi na kutulamba miguu. Nakumbuka jua lililochujwa na ukungu, na migongo ya wanawake imepangana, na mama yangu katikati, akifanya kazi ya mwaka mwingine kabisa katika mwaka huu. Hata sasa nikifumba macho naweza kuingia pale nikasimama.

Tulipopanda kunawa, Bi Tatu alinijia.

"Tumempandia mama yako," akasema. "Ofisi yako bado hatujamalizana nayo. Usije ukaandika kwamba tumekubali."

"Sitaandika," nikasema.

"Na mto wetu?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sina ruhusa ya kuufungua, ila nitaiomba. Nitaomba wapewe sehemu ya mto wakate kwa zamu, huku sehemu nyingine inapumzika, na walinzi wawe wao wenyewe. Nikamwambia sijui kama itakubaliwa. Akainama akamfunga mama khanga yake vizuri, maana ilikuwa imelowa. "Omba," akasema. "Sisi tupo."

Nikaomba. Mkuu wangu kijana alilibeba jambo lile mpaka mkoani, na huko wakatuma watu wa kuja kuona, na wakaona, na wakaenda kufikiri. Mpaka masika yanapita ndipo kibali kikaja, kwa nusu ya nilichoomba. Niliwapelekea mwenyewe. Bi Tatu alikisoma mara mbili, akasema nusu ya mkate si njaa. Nyumba moja ya mbele bahari ilikuwa imeshaichukua wakati tunasubiri. Wenyewe walihamia kwa ndugu, hakuna aliyeumia. Nyumba ya Bi Tatu ipo mpaka leo.

Mama hakuuona ule mwaka ukiisha. Mpunga ulipoanza kuiva aliomba kurudi Mkongo, na siku hiyo akili yake ilikuwa timamu kabisa, alijua ni mwezi gani na mimi ni nani. Nilikaa naye. Kuna siku alikuwa ananiita mama, nami nikaitika. Alituacha asubuhi moja ya kawaida, Mwajuma anachochea moto, mimi nimemshika mkono. Nilidhani huzuni ingenikuta na majuto, kwa sababu ndivyo ilivyowakuta wafanyakazi wenzangu wengi, wale waliokuwa kazini simu ikaita. Kwangu ilikuja peke yake. Huzuni iliyokuja peke yake inabebeka.

Siku ya tatu, tukiwa bado tumekaa matangani, gari dogo la abiria likasimama barabarani. Akashuka Bi Tatu na wenzake wanne, wametoka Kiongoroni kwa boti kisha kwa magari mpaka Mkongo, wamebeba kamba waliokaushwa. Bi Tatu alikaa karibu yangu kwenye mkeka, bega kwa bega, mpaka jioni.

Sasa nisikilizeni, wataalamu. Pale mbele ya Kiongoroni, mkitokea baharini, upande wa kulia mtaona kipande ambacho mikoko yake imebanana mno. Kitaalamu inatakiwa kupunguzwa. Nimepita pale miaka yote na panga mkononi, sijaipunguza, na kwenye ripoti sijaitaja. Nawaomba nanyi msiipunguze. Ikiwezekana msiulize kwa nini mbele ya wageni.

Miaka iliyobaki niliendelea kwenda na Athumani kwenye ule mto mwembamba kila Januari. Neema alipoletwa nilimpeleka. Nia yake ya kwanza aliitaja bila kusitasita, kwamba anataka asiogope kukosea mbele ya wazee wa vijiji. Nilifurahi, nikampa nusu ya muhogo wangu.

Mwaka huu nilikuwa sina boti wala malengo kutoka mkoani. Siku ya kwanza ya mwaka niliamka alfajiri kwa mazoea, nikaswali, nikakaa barazani nikingoja nia ije. Vitu vingi vilipita akilini, kama watu wanavyopita stendi, kila mmoja na mzigo wake. Hashimu aliniletea chai, akaniuliza nafikiri nini. Nikamwambia nafikiri kwenda Mkongo, kwenye shamba la mama, kulima mpunga. Akanitazama. "Wewe?" akasema. Miaka yote kazi yangu imekuwa kuwaambia watu wapi wasifyeke mikoko kupanda mpunga. Kisha akasema atakuja mwisho wa wiki kuona kama ni kweli.

Nilipofika mvua zilikuwa zimeshawahi na bonde limelainika. Mwajuma alinionesha kipande chetu. Pembeni yake Bi Somoe, jirani wa siku zote, alikuwa anapandikiza na binti zake. Aliponiona nimesimama na jembe jipya na miche yangu, akainuka akashika kiuno.

"Bibi wa serikali," akasema, "umekuja kutukagua? Huku kwetu hakuna mikoko."

"Nimekuja kulima, shoga."

Akaniangalia usoni, kisha mikononi. Hakucheka. Akainama tena kwenye kazi yake, akasogea kidogo kwenye mstari, akaniachia nafasi.